Reli ya Chumba cha Cherehani

Baba Padre, wazee wetu, ndugu wa Dareda mlioshuka na lori tangu alfajiri, majirani wa Singe, Sigino na Mutuka, na ninyi nyote mliokanyaga matope ya masika ili mfike hapa uwanjani, familia ya mzee Teodori imenituma mimi Paskasi, mdogo wake na shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu Mektilda Basil, Mama Antonia, kwa ufupi kadiri inavyowezekana, ingawa aliyeyaishi maisha hayo hakuwa mtu wa kufupishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1933 katika kambi ya wafanyakazi wa reli ya Saranda, wilaya ya Manyoni, akiwa mtoto pekee wa marehemu Basil, mtu wa Dareda aliyeondoka nyumbani kutafuta kazi akaandikwa kibarua wa kukaza na kukagua reli, na wa marehemu Natalia, ambaye aliuza mayai ya kuchemsha kwa abiria kupitia madirisha ya mabehewa. Wengi wetu hapa hatujaona treni kwa macho, maana Babati haijapata kuwa na reli, lakini yeye alilala utotoni mwake akiisikia, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alilia siku ambazo treni ilichelewa, akanyamaza ardhi ilipoanza kutetemeka. Alikumbuka hata uzeeni jinsi moshi ulivyobaki chini ya ukuta wa milima ambao reli huupanda kwenda Manyoni, baada ya treni kupanda na kupotea, ukining'inia peke yake hewani, hauendi wala haurudi, mpaka watoto wa kambini wakauonea huruma.

Mwaka 1944 baba yake alifariki dunia, na Natalia akamchukua binti yake wakarudi Dareda kwa wazee, wakieleza kwamba Basil amekufa kwa homa, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa homa ilikuwa ikiua wengi. Mektilda alisoma katika shule ya misheni hapo Dareda hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1949, kisha masista wakamfundisha kushona, na ilionekana mapema kwamba mikono yake ina akili, maana alikuwa akiitazama nguo mara moja tu mwilini mwa mtu, akaenda kuikata bila kupima.

Tarehe 11 Julai 1953 alifunga ndoa takatifu na kaka yetu Teodori, mkulima wa mahindi na maharage hapa Singe, wakajaliwa watoto wawili, Antonia na Aniceti, ambao wako mbele yenu. Teodori aliuza ng'ombe akamnunulia mkewe cherehani ya kukanyaga, akamjengea chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama mlima Kwaraa, akamtengenezea meza ndefu ya kukatia vitambaa, na kwa miaka mingi hakuna sare ya shule, gauni la komunyo wala suti ya harusi mtaani hapa iliyokosa kupita juu ya meza ile.

Ndipo ikaja miaka ile ambayo sisi sote tunaijua, miaka ya baada ya vita, tulipofulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, tukala unga wa njano, tukapanga foleni kwenye duka la ushirika bila kujua mbele kinauzwa nini. Kitambaa kiliadimika, uzi ukaisha kabisa, na mwanzoni mwa mwaka 1982 cherehani ya Mektilda ikanyamaza. Yeye aliendelea kuingia chumbani mle kila asubuhi kama mtu aendaye kazini, akaketi mbele ya meza tupu, akalitazama wingu jeupe lililokuwa likiukumbatia mlima na kushuka polepole ubavuni, na alimsimulia Antonia baadaye kwamba siku moja wingu lile lilikoma kuwa wingu, likawa moshi wa Saranda uliosahauliwa hewani, na alipoiweka mikono juu ya meza, akaona kwamba meza ina urefu wa kutosha.

Alianza na udongo wa kichuguu, akaukanda na kuusimamisha upande mmoja wa meza ukawa ukuta wa milima, akaufunika kwa gunia lililolowekwa na kupakwa majani yaliyopondwa. Akakusanya waya zinazobaki matairi yanapochomwa, akazinyoosha kwa nyundo zikawa reli, akachonga mataruma ya kulaza reli kutokana na mbao za makasha, akayapanga moja moja kwa umbali ule ambao miguu yake ya utotoni ilikuwa bado inaukumbuka. Makopo ya maziwa yakawa mabehewa. Kwa magurudumu alitumia vifungo vya nguo, viwili viwili, kidogo cha shati na kikubwa cha koti vikiwa vimeunganishwa migongo, ili kile kidogo kitembee juu ya reli na kile kikubwa kining'inie ndani kuzuia behewa lisianguke, na vile vigurudumu vya mbao vya kuzungushia uzi, vilivyobaki uzi ulipokwisha, akavipigilia kwenye pembe za meza, akavipitishia kamba nyembamba ya katani, akaifunga kamba hiyo kwenye gurudumu la cherehani. Basi alipoketi na kukanyaga, treni ilitoka stesheni ya Makutupora, ikapita mashamba ya mtama ya manyasi makavu, ikaingia Saranda, ambako wanawake wa vitambaa, wadogo kuliko kucha, walisimama na sinia za mayai, na alipoligeuza gurudumu ikarudi ilikotoka, huku cherehani ikitoa sauti ileile ya kazi tuliyoizoea, hata majirani wakadhani kitambaa kimepatikana.

Teodori hakufurahi, na yeye mwenyewe ameomba jambo hili lisomwe. Wakati huo mtu mmoja kutoka Arusha alikuwa akizunguka kutafuta cherehani, akiwa tayari kubadilishana kwa majembe na mablanketi, na majembe yetu yalikuwa yamelika yakabaki kama vijiko. Teodori akasimama mlangoni pa chumba kile, akasema, "Mama Antonia, watu wanashinda njaa, na wewe unashona treni. Tuiachie cherehani iende, tupate majembe, mambo yakitengemaa tutanunua nyingine." Mkewe alimjibu bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya maji, "Baba Antonia, nipe muda kidogo. Bado sijafika." Teodori hakuelewa hajafika wapi, wala hakuuliza, lakini tangu siku ile mlango wa chumba ukawa unafungwa kwa komeo, na mume na mke wakawa wanakula chakula kimoja kwa ukimya.

Mlango uliofungwa, katika mwaka 1983, haukuwa jambo dogo, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa msako, bidhaa zilikuwa zikitafutwa madarini na mashimoni, na watu walikuwa wakichukuliwa. Majirani walikuwa wamemwona Mektilda akiokota makopo, waya na vipande vya bati, wakasikia cherehani ikilia wakati nchi nzima haina uzi, na maneno yakaanza kutembea kwamba kwa Teodori kuna majora ya vitambaa yamefichwa. Asubuhi moja ya mwezi Mei, balozi wetu wa nyumba kumi, ndugu Damiani, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa tumtaje, alikuja na mgambo wawili, na nyuma yao watu wengi, wengine wakiwa na hasira ya haki, maana watoto wao walikuwa wakienda shule na matambara.

"Shikamoo, Mama Antonia," Damiani alisema, akitazama chini, kwa sababu shati alilovaa lilishonwa na mama huyohuyo. "Tumeambiwa tukague chumba cha nyuma."

"Marahaba, mwanangu," marehemu alimjibu. "Kagueni. Ila mvue viatu, kuna udongo mbichi."

Teodori alisimama uani akiwaza kwamba mkewe atapelekwa ndani na ukoo wote utachekwa kwa pamoja, na watu wakaingia kwa kusukumana, wakakuta kabati tupu, sanduku tupu, rafu zisizo na hata kipande cha doti, na juu ya meza nchi nzima ndogo iliyotulia kwenye mwanga wa dirisha. Mgambo mmoja akainama akachungulia uvunguni mwa meza, akainuka na buibui kwenye kofia. Ndipo Mektilda, bila kuombwa, akaketi kwenye cherehani yake, akakanyaga, na treni ikatoka Makutupora ikaja ikiyumba taratibu, ikapita mbele ya macho ya watu ambao hawakuwa wameona treni, na waliokuwa nyuma wakawaomba walio mbele wachuchumae, na waliokuwa na hasira wakasahau kilichowaleta. Treni ikafika Saranda, ikavuka stesheni, ikakaribia mlima, ikasimama palipokuwa na kalavati ndogo ya kopo, kwa maana hapo ndipo reli ilipoishia. Juu, mlimani, hakukuwa na kitu, ila udongo mtupu.

"Mbona inaishia hapa, mama?" Damiani aliuliza, akiwa amekwisha kusahau ukaguzi. "Huko juu hakuna watu?"

Mektilda aliondoa miguu yake kwenye kikanyagio, akaiweka sakafuni. "Huko juu kuna Manyoni," akasema. "Lakini pale kwenye kona ndipo treni ilipomuua baba."

Ndugu waombolezaji, Teodori alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka thelathini akijua kwamba mkwe wake alikufa kwa homa, na alilisikia neno lile akiwa amewafuata mpaka mlangoni, pamoja na mgambo, pamoja na majirani. Mektilda akasimulia, akiitazama kona ya udongo, kwamba alikuwa na miaka kumi na mmoja, ametumwa kumpelekea uji baba yake aliyekuwa akikagua reli kilimani, na kwamba upepo wa asubuhi ile ulikuwa ukivuma kutoka bondeni na kurudisha sauti ya treni juu ilikokuwa ikitoka, hata yeye mwenyewe, aliyeweza kuisikia treni kwa nyayo, hakuisikia. Hakuona ajali. Aliiona tu treni imesimama mahali ambapo treni haisimami, na abiria wamechungulia madirishani wote upande mmoja, akasimama kwenye kalavati na kibuyu chake mpaka uji ukapoa. Mama yake alimkataza kuzungumza habari ile, kwa kuogopa kwamba angeiota usiku, na aliiota vilevile, ila kimyakimya.

Watu wakatoka mmoja mmoja. Damiani akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, akawatangazia waliobaki nje kwamba ndani hakuna kitu cha kukamata, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuuliza.

Siku ya tatu Teodori alikwenda ghalani, akaiteremsha baiskeli yake iliyokuwa imetundikwa kwa kukosa tairi, baiskeli ambayo aliipangusa vumbi kila Jumapili akiamini siku moja tairi zitapatikana, akaigeuza magurudumu juu, akaanza kuzing'oa spoki moja baada ya nyingine. Aliziingiza chumbani zikiwa kwenye kikapu, akazilaza juu ya meza, akasema, "Waya wa tairi haupandi mlima, utapinda. Hizi ni chuma." Mektilda alizishika akazitazama, akajua zilikotoka, na Antonia, ambaye alikuwa amekuja kusalimia, anasema ndiyo siku pekee aliyomwona mama yake akilia kwa sauti. Kuhusu yule mtu wa Arusha, Teodori alimwambia apite njia nyingine.

Waliijenga ile kona wote wawili, kwa miezi, mume akikunja spoki taratibu juu ya jiwe la mviringo, mke akichimba njia kwenye udongo, na mazungumzo yaliyokuwa yamekatika mezani pa chakula yakaunganika mezani pa reli. Siku ya pili ya Pasaka ya mwaka 1984, baada ya misa, majirani walialikwa, chumba kikajaa mpaka dirishani, mvua nyembamba ikinyesha kwenye bati na mlima Kwaraa ukiwa umepotea kabisa katika ukungu, na Mektilda akakanyaga. Treni ikatoka, ikapita, ikafika kwenye kona, na hapo aliisimamisha kwa makusudi. Kwa muda chumba kizima kilikuwa bondeni kule. Kisha akataja jina la baba yake, Basil, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye shambani kwamba chakula tayari, na watu wakafanya ishara ya msalaba, naye akaweka miguu kwenye kikanyagio, treni ikapanda, ikazunguka kona, ikafika Manyoni. Alituambia kwamba alipofika juu aliliona bonde lote, na kwamba lilikuwa jeupe na halina mwisho, nasi tuliokuwa pale tulijua tunatazama meza, lakini hatukubishana naye, kwa sababu na sisi tulikuwa tumeliona.

Vitambaa viliporudi madukani, wateja nao wakarudi, na ikawa taabu, maana meza haikuwa na nafasi tena. Marehemu alikata nguo kwenye mkeka sakafuni, akafungua kamba ya treni asubuhi ili ashone, akaifunga jioni ili asafiri, na wapo maharusi hapa Babati ambao walikuja kupimwa gauni wakachelewa harusi zao wenyewe.

Mwaka 1986 mwanawe Aniceti, aliyekuwa amepata kazi Dodoma, alimpeleka Saranda kweli, kwa lori kupitia Kondoa na kisha kwa treni, yeye na Teodori. Kaburi la Basil halikuonekana, kambi ilikuwa imebadilika, lakini aliketi dirishani, akanunua mayai, akapanda mlima ule akiwa macho wazi mpaka Manyoni. Aliporudi, aliingia chumbani, akautazama mlima wake wa udongo kwa muda mrefu, akamwambia mumewe kwamba ule wa kweli ni mfupi sana. Teodori alimuuliza kama wautengeneze upya upungue, naye akajibu, "Acha uwe hivyo hivyo, Baba Antonia. Mimi nilikuwa mdogo."

Mwezi Septemba mwaka 1987 marehemu alianza kuvimba miguu na kuchoka kwa mwendo mfupi, akapelekwa hospitali ya misheni Dareda, ikagundulika kwamba moyo wake umepanuka. Alitibiwa, akaruhusiwa, akarudishwa mara kadhaa, na miguu ilipokataa kukanyaga, kitanda chake kilihamishiwa chumba cha cherehani, akawa analala ubavu akitazama dirishani, huku mzee Teodori akikanyaga kwa ajili yake, vibaya, mara mbio mara taratibu, naye akicheka na kusema kwamba dereva huyu amelewa, kisha akisinzia katikati ya kicheko. Alirudishwa Dareda mwanzoni mwa mwezi huu, akapakwa mafuta matakatifu, na tarehe 9 Machi 1988, saa sita mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo na jua limetoka, alimwomba Antonia amfunike miguu, akafumba macho, hakuyafumbua tena. Ameacha mume, watoto wawili, na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari, masista na wauguzi wa Dareda, ambao hawakuchoka kumbeba huyu mgonjwa aliyetaka kila mara kitanda cha dirishani, inamshukuru Baba Padre na jumuiya yetu kwa sala, inawashukuru mafundi cherehani wenzake wa sokoni, walioishona sanda hii bila kukubali chochote, inamshukuru ndugu Damiani kwa kusimamia kaburi tangu jana, na majirani wote kwa kuni, maji, maharage na usingizi wenu mliotupa.

Mzee Teodori ameomba tangazo moja. Tukitoka makaburini na kunawa mikono, chumba cha nyuma kitakuwa wazi kwa yeyote atakayependa kuingia, watoto watangulie mbele ili waone. Atakanyaga yeye mwenyewe. Bado hajafuzu, na mabehewa huenda yakaanguka pale kwenye kona, na mkiona yameanguka, tafadhali msikimbilie kumsaidia, mwacheni ayainue, ana namna yake.

Mektilda, binti wa Basil na Natalia, mke wa Teodori, mama yetu, fundi wetu, umetushonea vya kutosha, sasa pumzisha miguu, na amani ya Bwana ikufunike.